Tuanze na Egemeo: Hotuba kuhusu Mimea Itambaayo katika Viwanja vya Nyumba Zetu

Hotuba iliyotolewa Wete, Pemba, mbele ya wakaazi wenye bustani za nyumbani, kabla ya kuanza kwa mvua za masika.

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Mheshimiwa Sheha, wazee wangu, mama zangu, ndugu zangu na vijana mliohudhuria, nakushukuruni kwa kunipa nafasi hii ya kuzungumza juu ya jambo ninalolipenda kwa dhati, nalo ni upandaji wa mimea itambaayo na iparamiayo katika viwanja vya nyumba zetu.

Hali ya viwanja vyetu mnaijua. Kiwanja ambacho zamani kilibeba minazi, mwembe, mgomba na banda la ng'ombe leo kimegawiwa baina ya ndugu, kikajengwa vyumba vya uwani, choo na msingi wa tangi la maji, na kilichobaki ni ukanda mwembamba wa ardhi baina ya nyumba na ukuta. Mwenye ukanda huo akitazama chini huona kwamba hana pa kulima, na mara nyingi huishia kumwaga kokoto au kuacha magugu. Lakini juu ya ukanda ule kuna nafasi ya pima moja na nusu au mbili ambayo haijajengwa wala haijagawiwa, na jua hupita humo kila siku. Shina moja la mumunye huhitaji shimo lisilozidi upana wa karai, kisha likaenda kuzaa juu ya paa la jiko. Mimea ya namna hii ndiyo inayofaa kwa mwenye ardhi ndogo, na ndiyo sababu nimeichagua.

Neno langu kubwa leo ni moja, na yote nitakayoyasema baadaye yanalizunguka: egemeo hutangulia mche. Mtu anayechimba shimo, akatia mbegu, akasubiri mmea ukue ndipo atafute cha kuutambalisha huwa amekwisha kuchelewa, kwa sababu mmea utakuwa umejisokota wenyewe kwa wenyewe, umeshika magugu, umeparamia mti wa ndimu wa jirani, na kuunyanyua wakati huo ni kuuvunja. Tena haitoshi kuweka egemeo lolote. Kila mmea una namna yake ya kushika, na egemeo linalofaa mmea mmoja halina faida kwa mwingine.

Iko mimea ambayo shina lake lenyewe huzunguka kitu na kujiviringa. Hivi ndivyo vinavyofanya viazi vikuu, fiwi na baadhi ya aina za kunde. Mimea hii hutaka mti mwembamba, kwa kuwa shina haliwezi kulizunguka gogo nene. Nimeona fiwi zimepandwa chini ya mnazi zikahangaika kwa wiki nyingi bila kupanda, na pembeni yake ufito mmoja uliochomekwa kwa bahati ukawa umefunikwa mpaka kileleni. Kila aina pia ina upande wake wa kuzungukia, na mwenye kuuviringa mmea kwa mkono kinyume na upande huo atakuta kesho yake umejifungua.

Iko mingine inayoshika kwa ukono, yaani ule uzi mwembamba unaotoka pembeni mwa jani, ukigusa kitu hujikunja na kukaza. Maboga, mamumunye, matango, madodoki, karela na pasheni zote ni za kundi hili. Ukono hauwezi kushika ukuta wala nguzo nene. Hutaka kitu kisichozidi unene wa kalamu, kama kamba, waya au kijiti. Kundi la tatu ni la mimea inayotoa mizizi midogo kwenye vifundo vya shina na kujibandika: pilipili manga, tambuu na vanila. Hii hutaka gome la mti lenye kukwaruza, lenye unyevu kidogo na kivuli. Na kundi la mwisho ni la mimea isiyokuwa na chombo chochote cha kushikia ila matawi yake marefu, na pengine miiba, kama asumini na bogenvilia. Hiyo ni lazima ifungwe na mwenyewe, na asiyeifunga asiilaumu ikilala.

Sasa niuzungumze uchanja, kwa sababu ndio unaofaa nyumba nyingi na ndio unaojengwa vibaya kuliko kitu chochote uwani. Uchanja wa mboga unatosha kuwa na nguzo nne zilizozama ardhini si chini ya nusu mita, na kimo juu ya ardhi cha kiasi cha mita mbili, ili mtu mzima apite chini yake bila ya kuinama na aweze kuchuma bila ya kupanda juu ya kiti. Juu yake zilazwe fito zilizoachana kiasi cha shubiri mbili, na baina ya fito zipitishwe kamba, kwa sababu ukono, kama nilivyosema, hutafuta kitu chembamba. Watu wengi huweka fito nzito na kuzikaribisha sana, mmea ukakosa pa kushika, matunda yakakwama baina ya fito, yakakua yamebanwa na kuoza. Mumunye na dodoki hupendeza na kunyooka likiwa linaning'inia kwa uzito wake lenyewe.

Uchanja ukishajaa majani huwa mzito, na mvua ikiunyeshea huwa mzito zaidi, kisha ukaja upepo wa kusi. Kwa hiyo nguzo zifungwe mshazari kwenye pembe, na uchanja usielekezwe upepo kwa upana wake. Wale wa upande wa Micheweni, ambako ardhi ni maweni na mtaimbo hugonga jiwe kabla ya kufika goti, wasijilazimishe kuchimba mashimo marefu. Nguzo isimame katika ufa wa jiwe na izungushiwe mawe yaliyopangwa vizuri mpaka kimo cha goti, husimama imara. Mche nao upandwe katika mfuko wa udongo baina ya mawe, uliojazwa mboji na samadi iliyooza. Maboga na matikiti huzaa vizuri katika mifuko hiyo, na wakulima wa maweni, hapa na kule Makunduchi, wamelima hivyo tangu zamani.

Kuhusu vifaa, naomba mnivumilie nikisema kwa mkazo. Tusikate mikandaa na mikoko kwa ajili ya chanja za mamumunye. Miti ile inashikilia fukwe zetu na ndiyo malezi ya samaki na kaa, na ufito wa mkandaa hauna thamani ya kulinganishwa na mti uliosimama ndani ya maji. Tunayo mianzi na tunayo mivinje. Tena tunayo gilirisidia, mti ambao kigongo chake chenye urefu wa mtu kikichomekwa ardhini mwanzo wa mvua hutoa mizizi na majani. Nguzo hiyo haiozi kwa sababu iko hai, majani yake hurutubisha ardhi na mbuzi huyala, na mtu huyapogoa anapotaka jua zaidi.

Na kwa kufungia, sijaona kitu kilicho bora kuliko kamba ya makumbi, yaani ya nyuzi za maganda ya nazi. Mama zetu wa pwani hufukia makumbi katika mchanga wa bahari kwa miezi, wakayafukua, wakayatwanga, wakayasokota, na kamba inayotoka huko hustahamili mvua na jua na wala haikati shina. Kamba ya nailoni na waya mwembamba huingia ndani ya gome pale mmea unaponenepa, na tawi zima likakauka bila ya mwenyewe kujua sababu. Hata ukiwa na kamba nzuri, fundo lifungwe kwa ulegevu, kidole kipite baina ya kamba na shina.

Mboga za jamii ya boga zina jambo moja linalowavunja moyo wengi. Mmea hutoa maua mengi kwa wiki ya kwanza na ya pili, kisha yote yakaanguka bila ya tunda hata moja, na mwenyewe akasema mbegu ni mbovu. Maua yale ni ya kiume. Ua la kike huja baadaye, na hutambulikana kwa kitunda kidogo kilicho chini yake tangu halijafunguka. Kama nyuki ni wachache, mtu achume ua la kiume lililofunguka siku hiyo, aondoe petali zake, na apake ungaunga wake katikati ya ua la kike. Kwa boga na tango kazi hii ifanywe asubuhi. Kwa mumunye ifanywe jioni, kwa kuwa ua lake jeupe hufunguka jua linapokaribia kutua na hutembelewa na nondo wa usiku. Mwenye kunyunyiza dawa ya wadudu asubuhi juu ya maua yaliyofunguka anawaua wale wale wanaomzalishia.

Nzi wa matunda ni adui wa pili. Hutoboa ngozi ya tunda changa na kutaga mayai, tunda likapinda na kuoza kwa ndani. Kinga rahisi ni kulivisha tunda mfuko wa karatasi lingali dogo, na kila lililoharibika lifukiwe chini sana au lifungwe ndani ya mfuko mweusi na kuanikwa juani, lisiachwe chini ya mmea. Na kwa usalama wa familia, mumunye likionjwa likakutwa chungu litupwe, lisipikwe. Uchungu ule ni sumu na moto hauuondoi. Fiwi nazo zichemshwe sana, na maji ya mwanzo yamwagwe.

Pasheni inahitaji maelezo yake peke yake. Iliyo nzuri kwa nchi yetu ya joto na tambarare ni ile ya manjano, kwani ya zambarau hupenda nchi za baridi kama milima ya bara. Pasheni ya manjano hufungua maua yake kiasi cha saa 6 mchana, na ua haliwezi kujizalisha kwa ungaunga wa mmea wake wenyewe. Mtu mwenye shina moja tu atapata maua ya kupendeza mwaka mzima na asipate tunda. Apande mashina mawili au zaidi yaliyotoka katika mbegu tafauti, na asimfukuze yule nyuki mkubwa mweusi anayetoboa mbao, maana yeye ndiye mwenye mwili wa kutosha kuufikia ungaunga wa ua lile. Gogo kavu laini lililoachwa pembeni mwa uwa litampa makaazi, na mapaa yetu yatasalimika.

Egemeo la pasheni ni waya au kamba nene iliyopitishwa juu ya nguzo kwa kimo cha mita mbili. Shina moja lipandishwe moja kwa moja bila ya kuachiwa matawi ya chini, likifika kwenye waya likatwe kilele, na matawi yatakayotoka yaelekezwe pande mbili kisha yaachwe yaning'inie. Matunda hutoka kwenye matawi mapya, kwa hiyo baada ya mavuno matawi yaliyokwisha kuzaa yapunguzwe. Asiyepogoa atakuwa na zulia la majani makavu juu na matunda machache pembeni. Baada ya miaka mitatu au minne shina huchoka, na ni vyema mche mwingine uwe umekwisha kuandaliwa mahali pengine.

Sasa nije kwenye pilipili manga, ambayo kwa maoni yangu ndiyo inayostahiki nafasi ya kwanza katika nyumba ya Pemba. Asili yake ni pwani ya Malabar, kusini-magharibi mwa Bara Hindi, nchi ambayo majahazi yaliyosukumwa na kaskazi yalituunganisha nayo kwa karne nyingi. Inataka joto, unyevu na kivuli cha wastani, na vyote hivyo tumejaaliwa. Haihitaji ardhi ya peke yake, kwa kuwa hutumia mti uliokuwepo. Mfenesi na mwembe ni maegemeo mazuri, gome lao hukwaruza na halibanduki. Mti unaomenyeka gome kama mkaratusi haufai. Wako wanaotaka kuipandisha juu ya mkarafuu. Mimi siwashauri, kwa sababu mkarafuu huparamiwa na wachumaji, matawi yake huvutwa kila msimu, na pilipili manga haitapata utulivu. Pia mkarafuu ni mti wenye thamani ya kutosha usibebeshwe mzigo mwingine.

Kipandikizi kikatwe kutoka katika shina linalopanda, lenye vifundo vitatu hadi vitano, na wala si kutoka katika matawi ya pembeni yanayozaa. Hapa pana siri ambayo wauzaji wengi wa miche hawaisemi. Kipandikizi kilichokatwa kwenye shina linalopanda kitapanda, na kilichokatwa kwenye tawi linalozaa hakitapanda kamwe, kitabaki kichaka kifupi. Mwenye mti asipoijua tafauti hii hungoja miaka bila ya kuona pilipili yake ikiparamia. Lakini yule anayekaa katika nyumba za maendeleo, hapa Wete au Chake Chake, ambaye hana ila baraza ya ghorofani, hicho kichaka kifupi ndicho kinachomfaa. Ndani ya ndoo kuukuu iliyotobolewa chini kitaishi na kuzaa, na kwa kuwa hakipotezi nguvu katika kupanda, huanza kuzaa mapema. Ni kweli kwamba hutoa mizizi kwa shida, na ni vyema kupanda vipandikizi kadhaa ili kimoja kishike.

Kwa anayepanda chini ya mti, shimo liwe kiasi cha shubiri moja na nusu kutoka kwenye shina la mti, upande wenye kivuli. Udongo uchanganywe na mboji, na uwe wa kupitisha maji. Udongo wa kinamo, unaotuamisha maji wakati wa masika, ndio kaburi la pilipili manga: majani hugeuka manjano ghafla, shina likaoza karibu na ardhi, na mmea wote ukaanguka ndani ya wiki chache. Maradhi hayo hayana tiba ya maana mara yanapoingia. Kinga yake ni kuinua udongo kuwa tuta, kuchimba mfereji mdogo wa kupeleka maji mbali, na kutolundika majani makavu mpaka yakagusa shina. Kipandikizi kifungwe kwenye mti kwa kamba ya makumbi kila kifundo kipya kinapotokea, mpaka mizizi yake iwe imeshika yenyewe. Baada ya hapo kilele kikatwe kwa kimo ambacho ngazi ya nyumbani inafika. Pilipili iliyokwenda mita kumi juu ya mfenesi inaliwa na ndege.

Mavuno ya kwanza ya maana huja mwaka wa tatu. Kichala huchumwa pale punje moja au mbili zinapoanza kuwa nyekundu, punje zikapukutwa, zikaanikwa juani siku kadhaa juu ya jamvi safi mpaka ziwe nyeusi na zilie zinapotikiswa. Ukitaka ziwe nyeusi kwa usawa, zichovye katika maji ya moto sana kwa muda wa dakika moja kabla ya kuzianika. Pilipili manga nyeupe hutoka katika mmea huo huo: ni punje zilizoiva kabisa, zikalowekwa, zikasuguliwa ganda.

Vanila ni ya jamii nyengine, nayo hushika mti kwa mizizi vile vile, lakini tabia yake ya kuzaa ni ngeni. Ikiachwa ipande tu, itapanda mpaka juu na isitoe ua. Shina linapofika kimo cha mkono lazima ligeuzwe, lipitishwe juu ya panda ya tawi na kuelekezwa chini, na ni ile sehemu inayoning'inia ndiyo inayochanua. Kwa hiyo egemeo la vanila ni mti mfupi wenye panda, kama gilirisidia iliyopogolewa au mbono, wala si mti mrefu. Asili yake ni Meksiko, na nje ya huko hapana wadudu wa kuizalisha. Kwa muda mrefu vanila iliyopelekwa visiwa vya Bahari ya Hindi ilichanua bila ya kutoa ganda, mpaka mwaka 1841, katika kisiwa cha Réunion, kijana mtumwa wa miaka 12 aitwaye Edmond Albius alipoonesha jinsi ya kuinua kwa kijiti kile kiwambo chembamba kilichomo ndani ya ua na kuubana ungaunga kwa kidole gumba mahali pake. Njia yake ndiyo inayotumiwa duniani mpaka leo. Utajiri uliotokana nayo haukumfikia. Alikufa maskini mwaka 1880, na mimi huona ni haki jina lake litajwe kila mahali vanila inapofundishwa.

Ua la vanila hufunguka asubuhi moja tu, na saa 5 asubuhi huwa limeanza kunyauka. Mwenye vanila lazima aizungukie kila siku msimu wa maua, jambo ambalo kwa shamba la mbali ni taabu na kwa uwa wa nyumbani ni kazi ya dakika chache kabla ya chai. Katika kila kishada yazalishwe maua manane hadi kumi tu na mengine yaondolewe. Ganda hukaa juu ya mmea kiasi cha miezi tisa, na likichumwa kijani halina harufu; harufu huja baada ya kulichovya katika maji ya moto, kulifunika litoke jasho na kulianika kidogo kidogo kwa wiki nyingi. Kwa khofu ya wezi watu huchuma mapema, na bei ya ganda changa ni ndogo. Vanila iliyo karibu na dirisha la jiko inalindika zaidi kuliko ya shamba.

Mtambuu ni ndugu wa karibu wa pilipili manga, na anayeweza kuilea pilipili anaweza kuulea mtambuu, ila mtambuu hutaka maji zaidi na kivuli zaidi. Karibu na bomba au mahali maji ya kutilia udhu yanapomwagika ndipo pake. Jani lake ni la heshima katika harusi zetu, na napenda liendelee kupandwa. Popoo na tumbaku vinavyofungwa ndani yake ndivyo vinavyoleta saratani ya kinywa, na kwa hivyo siwahimizi watu kuvitafuna.

Kwa viazi vikuu sina haja ya kusema mengi mbele ya Wapemba. Nasisitiza tu kwamba mti wa kiazi kikuu usimamishwe siku ile ile kinapopandwa, kwani kiazi kinachotambaa chini hupata jua dogo na mzizi wake huwa mdogo. Viazi vitamu ni kinyume chake: havitaki egemeo, hutanda chini na kuufunika udongo usikauke, na matembele yake ni mboga. Mashina yake yanyanyuliwe mara kwa mara yasitie mizizi kila kifundo, na nyufa za tuta zifukiwe ili fukusi wasiingie. Chini ya uchanja wa pasheni usio mzito, penye jua la asubuhi, vitamu hukubali.

Upo pia mmea wetu wa asili ambao nasikitika kuona haupandwi: mbungo. Kila mmoja hapa anaijua juisi ya mabungo, na karibu yote huletwa sokoni kutoka misituni na vichakani, ambako vichaka vinazidi kukatwa. Mbungo huota kwa mbegu mbichi, hustahamili ardhi ya maweni, na ua lake jeupe linanukia. Ni mmea mkubwa wenye nguvu, hautaki kuwa juu ya uchanja wa fito. Uwekwe mwisho wa kiwanja, kwenye mti mkubwa au ua wa miti hai. Kwa mwenye nafasi, nauhimiza sana.

Katika maua nataja asumini kwa sababu ya vikuba, yale mashada madogo ya maua ya kujipambia. Hutaka jua na kupogolewa kwa wingi, maana ua hutoka kwenye chipukizi jipya, na huchumwa alasiri vitumba vikiwa bado vimefunga ili vifunguke usiku. Bogenvilia hupenda kukaushwa kidogo. Mwenye kuimwagia maji kila siku hupata majani mengi na rangi chache. Na ninaonya juu ya mtipitipi, wenye mbegu nyekundu zenye doa jeusi zinazowavutia watoto. Mbegu moja iliyotafunwa inaweza kuua. Ung'olewe kila unapoonekana karibu na nyumba au skuli.

Yamebaki mambo matatu ya nyumba yenyewe. Kuta zetu za mawe na chokaa, za hapa na za Mji Mkongwe wa Unguja, zisipandishiwe mmea wenye kujibandika kwa mizizi. Mizizi huingia katika plasta, maji hufuata, na ukuta huanza kupukutika. Fremu ya mianzi iliyoachana na ukuta kwa shubiri moja hufanya kazi hiyo na ukuta ukapata hewa na kivuli. La pili ni nyoka, na khofu hiyo haidharauliki. Majani yote yaliyo chini ya kimo cha goti yaondolewe, mashina yawe wazi, na tawi lisiguse dirisha wala paa la makuti. Vyungu navyo visiwekewe visahani vya kutuamisha maji, maana mbu huzaliwa humo.

La tatu ni jirani. Mmea utambaao haujui mpaka, na tawi la pasheni litavuka ukuta kabla ya mwenyewe kuamka. Mwambie jirani yako kabla ya kupanda, mweleze utapanda nini na wapi, na kama hataki majani yaanguke kwake, geuza uchanja. Akiridhia, kinachoning'inia upande wake mwachie achume. Ugomvi mwingi wa bustani niliousikia ulianza na tawi ambalo lingeweza kukatwa kwa kisu cha jikoni.

Kule nyuma, chini ya mwembe, nimeweka vipandikizi vya pilipili manga vilivyofungwa ndani ya majani ya mgomba. Vyenye alama ya kamba ni vya kupandisha mti, visivyokuwa na kamba ni vya ndoo, tafadhali msivichanganye. Kila nyumba ichukue viwili, na aliyekuwa na mti atayarishe kamba na mti wake leo hii kabla ya kuchimba shimo. Masuala nayapokea sasa.

Wabillahi tawfiq.